Komeo na Namba Tatu za Nyuma

Ukitaka boksi moja la glavu katika hospitali yetu, ilikuwa lazima upite kwa Komeo. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Tulimpa sisi wafanyakazi wenzake, na naona alilipenda kuliko la kwao. Alikuwa mtunza stoo kwa miaka ishirini na miwili, mlango wa tatu kutoka maabara ninakofanya kazi, na mlango wake ulikuwa na makufuli matatu, komeo nene la chuma lililochomelewa kwa amri yake, na kwa ndani kiti kilichowekwa mahali pabaya makusudi, ili atakayefanikiwa kuvunja yote hayo angalau ajikwae. Funguo alizivaa kiunoni. Ulikuwa unazisikia kabla hujamwona. Wauguzi wa wodi ya wazazi walisema mtoto anayezaliwa hapa hujua mlio wa funguo za Komeo kabla hajaijua sauti ya mama yake.

Glavu zenyewe alikuhesabia. Boksi limetoka kiwandani limefungwa, limeandikwa mia moja, yeye atalifungua azihesabu mia moja kwa vidole vyake, alambe kidole katikati, aendelee. Halafu atakuuliza unazipeleka wapi.

Jioni wakati wa kutoka kazini alikuwa anasimama getini pamoja na mlinzi, ingawa hakuna aliyemtuma, akikagua mifuko ya watu. Hapo ndipo ungemjua. Mifuko ya wafanya usafi aliipekua mpaka kwenye pindo. Ya wapishi aliinusa. Ya madaktari aliwabebea mpaka kwenye gari. Mwaka mmoja zilipotea mashine mbili ndogo za kunyonyea makohozi, na ilipokuja kujulikana, zilikuwa zimepita getini mchana kweupe, ndani ya boksi, mikononi mwa Komeo mwenyewe, akimsaidia mhasibu mmoja mwenye tai. Mhasibu alihamishwa kimyakimya. Komeo alinuna siku tatu, kisha akaanza kuwapekua wafanya usafi hata wanapoingia.

Mke wake ni shoga yangu. Ana duka la mapazia karibu na stendi, na haya yaliyompata mumewe safarini niliyasikia kwanza kwake. Komeo naye aliyasimulia baadaye, tena mara nyingi, ila kila aliporudia alijipunguzia ujinga kidogo. Kwa hiyo nimeegemea zaidi upande wa mke.

Mambo yalianza na barua. Hospitali ilitakiwa kutoa mtu wa kuhudhuria semina ya siku kumi kuhusu utunzaji wa stoo, katika jiji la nchi ya jirani. Mtunza stoo tulikuwa naye mmoja tu, kwa hiyo hapakuwa na wa kumchagua, lakini yeye alilipokea jambo lile kama uteuzi. Alitembea na ile barua mfukoni wiki nzima. Akashona suti. Akaanza kutuambia kwamba kule aendako wezi wana digrii.

Mtu mmoja alikuwa amemwambia kwamba hoteli za huko hazimpi mgeni chumba mpaka aonyeshe kadi ya mkopo. Akaenda benki akaomba. Mkewe hakumwambia, kwa sababu mkewe neno mkopo halitaki ndani ya nyumba, na Komeo alijua kwamba akilitaja tu atapewa darasa refu kuliko semina.

Kwenye dirisha la kadi alikuwapo msichana mmoja ambaye, kwa maelezo ya Komeo mwenyewe, alikuwa mdogo mno kufundisha watu. Alimkabidhi kadi, kisha akaanza kumweleza: kadi isiondoke mbele ya macho yako mtu anapoipitisha kwenye mashine, ukibonyeza namba ya siri, ziba kwa mkono wa pili, kadi ya akiba iweke mahali pengine, usibebe zote mfuko mmoja, namba ya simu ya benki iandike pembeni, maana kadi ikiibiwa itaondoka na ile namba iliyoandikwa juu yake. Na mtu akikupigia simu, hata akisema anatoka wapi, usimsomee namba za kadi. Alipofika hapo Komeo alimkatisha.

"Binti yangu," alimwambia, "mimi nimeanza kufunga milango wewe hujazaliwa."

Msichana akaacha maelezo, akamuuliza kama namba yake ya simu ni ileile iliyopo kwenye kumbukumbu. Komeo akajibu ni ileile, huku akisaini. Hakuitazama. Namba iliyokuwa kwenye kumbukumbu ilikuwa ya laini aliyompa mkewe miaka miwili nyuma kwa ajili ya duka. Angekuwa anapokea ujumbe wa benki kila mwezi angelikumbuka hilo, lakini ujumbe wa mshahara alikuwa ameufungia siku nyingi, ili pasiwe na mtu nyumbani anayejua unaingia lini.

Kisha akamwomba mkewe amshonee mfuko wa siri ndani ya fulana, upande wa kifua, wenye zipu. Alisema ni wa pasipoti. Alimpa na vipimo. Mkewe, ambaye hupima madirisha kwa macho na kukosea kwa nusu sentimita, alivitazama vile vipimo akamuuliza pasipoti yake imeanza kusinyaa lini. Komeo akasema ataikunja. Mke akashona, hakuongeza neno. Kuna wanawake ukiwaona wamenyamaza ujue wameshajua. Shoga yangu hakuwa amejua bado, lakini alikuwa ameweka alama.

Safari ilikwenda vizuri. Alifika hotelini akiwa na sanduku lililofungwa kwa waya na kufuli, na alipoombwa kadi mapokezi, aliwageuzia mgongo wageni waliokuwa kwenye foleni, akafungua koti, akafungua vifungo vya shati, akaingiza mkono kifuani, ikasikika zipu. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi upande alioelekea aliinuka akahamia kiti kingine. Komeo alirudi kaunta na kadi yenye joto la mwili, akaikodolea macho mpaka ilipomrudia. Hapo, tuseme kweli, alifanya kama alivyoelekezwa.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya tatu, kitanda kimoja, meza yenye simu ya mezani, kabati lisilo na funguo. Hilo la kabati lilimuuma. Akafunga uzi mwembamba kwenye vishikio vya droo ili ajue kama kuna aliyefungua. Akanyunyiza poda kidogo juu ya sanduku. Sabuni ndogo za bafuni akazihesabu, zilikuwa nne, akaziandika kwenye daftari la semina.

Aliyekuwa anasafisha ghorofa ile alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, aliyefanya kazi hapo kwa miaka kumi na tisa. Siku ya kwanza aliifuta ile poda juu ya sanduku akidhani ni uchafu. Komeo aliporudi na kukuta sanduku linang'aa alishuka mapokezi kulalamika kwamba ushahidi umefutwa. Tangu siku hiyo hakukubali asafishiwe chumba akiwa hayupo. Alikuwa anamsubiri, anasimama katikati ya chumba mikono nyuma, na yule mama anafagia kumzunguka kama mtu anayefagia kuzunguka nguzo.

Siku ya nne umeme ulikatika kwenye ukumbi wa semina, wakaambiwa warudi saa nane. Saa nne asubuhi Komeo alikuwa chumbani, mama wa usafi anatandika kitanda, simu ya mezani ikalia.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, laini, yenye muziki wa taratibu nyuma yake. Ilimsalimu, ikamwita mheshimiwa, ikasema hapa ni mapokezi na inasikitika sana kumsumbua mgeni wao wa heshima. Komeo akakaa vizuri. Miaka ishirini na miwili hospitalini tumemwita majina mengi, lakini mheshimiwa hakuna aliyewahi kumwita. Sauti ikaeleza kwamba mashine ya mapokezi imeharibika na imefuta taarifa za wageni wote. Wageni wa kawaida wameitwa washuke wapange foleni. Ila yeye, kwa hadhi yake, wameona wasimtaabishe, wamalizane kwa simu.

Hivyo ndivyo mtu anavyopakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Komeo alijipaka mwenyewe yaliyobaki. Alisema hakuna tabu, kazi za ofisi anazielewa, naye ni kiongozi. Sauti ikasema ilijua tu, hata kwa namna anavyoongea. Basi kama atakuwa na kadi yake karibu.

Mama wa usafi alikuwa anachomeka shuka upande wa miguuni. Akainuka.

"Baba," alisema, "mapokezi hawaulizi mambo ya kadi kwa simu. Shuka uwaulize. Ni ngazi tu hapo."

Komeo aliziba simu kwa kiganja. Alimtazama yule mama kama anavyowatazama wafanya usafi wetu getini.

"Mama, haya ni mambo ya fedha. Toka nje, na ufunge mlango."

Mama akachukua shuka chafu akatoka. Komeo akahakikisha mlango umefunga. Akavuta na pazia. Kisha akafungua vifungo, akafungua zipu, akaitoa kadi, akaizungushia kiganja ili hata ukuta usione, akamsomea mtu asiyemjua namba zote kumi na sita, nne nne, kwa sauti ile ya kuhesabia glavu. Akasoma mwezi na mwaka. Alipoombwa zile namba tatu za nyuma alishusha sauti, kwa sababu alikumbuka kwamba hizo ni za siri.

Sauti ikamshukuru. Ikasema sasa utaingia ujumbe kwenye simu yake wenye tarakimu sita, naomba mheshimiwa anisomee. Komeo akatoa simu yake ya mkononi akaitazama. Hakuna kitu. Wakasubiri pamoja. Muziki ukaendelea. Alimwomba radhi yule mwizi kwa kuchelewa kwa ujumbe, akalaumu mtandao. Mwishoni sauti ikasema si kitu, wataendelea na namna nyingine, ikamtakia siku njema.

Ujumbe haukuwa umechelewa. Ulikuwa umefika dukani, kwa mkewe, alipokuwa anampimia mteja pazia la sebule. Aliusoma: tarakimu sita, na chini yake onyo kwamba usimpe mtu yeyote. Akadhani umekosea njia, akaendelea kupima. Ukaingia wa pili: kadi yako ya mkopo imetumika duka la vito, hereni na mkufu. Kumbe kuna maduka yasiyodai zile tarakimu sita. Shoga yangu aliusoma mara mbili. Kisha ukaingia wa tatu: viatu vya kike. Akamwomba mteja amshikie futi, akatoka nje ya duka, akapiga simu.

Hebu mwelewe. Mume yuko nchi ya watu, ana suti mpya, ameshonewa mfuko wa siri wa pasipoti usiotosha pasipoti, na sasa kuna hereni.

"Hereni ni za nani?" alimuuliza, hata salamu hakutoa.

"Hereni gani?"

"Za kwenye kadi yako."

Komeo aliniapia baadaye kwamba hereni hakuzisikia kabisa. Alisikia kadi tu. Alidhani kuna mtu wa benki amemchongea, na kwamba mkewe ameamua kumtega kwa maneno ya kutunga ili akiri. Na yeye kwenye kukana ni bingwa.

"Kadi gani? Mimi sina kadi yoyote."

"Huna?"

"Sina. Nani kakwambia nina kadi?"

Wakati anasema hayo ukaingia ujumbe wa nne, viatu tena. Mkewe aliniambia kwamba pale alishikwa na hasira mbili kwa pamoja, zikagongana mlangoni, hakuna iliyoweza kutoka. Akatulia. Huo ndio utulivu ninaouogopa kwake.

"Sawa," alisema. "Kama si yako, basi mimi naifunga."

"Funga tu," akajibu Komeo, akidhani anatishwa.

Shoga yangu akarudi ndani ya duka. Hakupiga namba iliyokuwa kwenye ujumbe, maana huko nyuma mteja mmoja aliwahi kumwonyesha ujumbe wa uongo wa malipo akaondoka na mapazia ya nyumba nzima, na tangu hapo ujumbe wowote kwake ni mtuhumiwa. Alitoa kadi yake ya benki hiyohiyo, akasoma namba ya simu iliyoandikwa nyuma, akapiga hiyo. Akamweleza aliyepokea kwamba kuna kadi ya mkopo inaleta ujumbe kwenye laini hii, na mwenye jina lake ameikana kwa mdomo wake mwenyewe dakika mbili zilizopita. Wakamuuliza maswali matatu, wakaifunga. Kisha akamalizia kupima pazia.

Komeo yeye alikuwa ameshasahau. Saa saba mchana alitoka na wenzake wawili wa semina kwenda kwenye duka la mikoba jirani na hoteli. Alikuwa ameona mkoba mweusi wa ngozi unaofungwa kwa tarakimu. Aliuchagua mbele yao, akawaeleza ubora wa kufuli lake, akageukia ukuta, zipu, akatoa kadi. Mwenye duka akaipitisha. Imekataa. Akaipitisha tena. Imekataa. Akamwambia, kwa adabu ya watu wa madukani ambayo ni mbaya kuliko tusi, kwamba pengine mheshimiwa ana kadi nyingine. Ilikuwa mara ya pili siku ile kuitwa mheshimiwa, na safari hii haikumnenepesha.

Alikwenda mapokezi mbio, akadai wamrekebishie ile kadi waliyoiharibu asubuhi kwa mashine yao mbovu. Msichana wa mapokezi akamwambia mashine haijawahi kuwa mbovu. Komeo akauliza basi nani alimpigia. Hakuna aliyepiga. Nadhani hapo alielewa. Lakini kati ya kuelewa na kukubali kuna njia ndefu, na Komeo njiani alimkuta yule mama wa usafi.

Akasema kwa sauti ya ukumbi mzima kwamba chumbani alikuwa na mtu mmoja tu wakati kadi iko nje, na mtu huyo ni mfanya usafi wao. Kwamba tangu siku ya kwanza alimtilia shaka. Kwamba alifuta poda.

Meneja akaja, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Akaagiza mama aitwe. Alikuja na glavu mkononi, akazivua, akasimama. Wageni wawili watatu walikuwa wameacha magazeti yao. Meneja alimuuliza kilichotokea, naye akaeleza bila kuongeza chumvi: simu ililia, alimshauri mgeni ashuke aulize, mgeni alimtoa nje akafunga mlango. Alikaa kwenye korido anakunja shuka. Namba alizisikia, ndiyo, maana mgeni husoma kwa sauti. Lakini hakuwa na haja nazo.

Kisha akamgeukia Komeo.

"Mimi ulinificha kadi kwa mlango, baba," alisema. "Yule wa kwenye simu hakuhitaji hata macho."

Meneja akaongeza, taratibu, kama mtu anayemfunika mwenzake shuka, kwamba simu ile ilitoka nje ya hoteli, aliyepiga alitaja tu namba ya chumba akaunganishwa, na hilo ni kosa lao watalirekebisha. Asubuhi ile vilipigiwa vyumba vitano. Wageni wanne walishuka kuuliza.

Alipanda juu akakaa kitandani, kwenye shuka lililotandikwa vizuri. Pesa taslimu aliyokuwa nayo haikutosha hata siku zilizobaki, kwa kuwa kila alichonacho alikiweka mahali pamoja, kifuani, kwenye zipu. Alikaa pale mpaka jua lilipoanza kushuka. Kisha akampigia mkewe.

Mkewe alimwacha azunguke. Komeo akasalimia, akauliza habari za watoto, akauliza mvua. Akasema kuna tatizo dogo la kimtandao. Mkewe akasema anamsikiliza, ila aanze kwa kusema ana nini.

"Nina kadi," akasema Komeo.

"Ya nini?"

"Ya mkopo."

"Na hereni?"

"Hereni kweli sizijui, mke wangu. Wallahi sizijui."

"Hilo naliamini," akasema mkewe. "Mwanamume aliyeshindwa kuninunulia hereni miaka kumi na saba hawezi kumnunulia mtu baki kwa asubuhi moja."

Akamtumia pesa ya kumalizia siku zake, kupitia wakala, kwa masharti ambayo hakuniambia na mimi sikuuliza. Benki nayo, baada ya barua na miezi miwili, ilikubali kubeba viatu, kwa kuwa taarifa ilitolewa mapema. Hereni na mkufu ilimwachia Komeo, kwa maelezo kwamba namba alizitoa mwenyewe kwa hiari yake. Amevilipia vitu hivyo mpaka juzijuzi. Mkewe kila mwisho wa mwezi alikuwa anamuuliza zimempendeza nani.

Kuhusu yule mama, Komeo alitambua kwamba anatakiwa kumwomba radhi. Siku ya tano alimsubiri chumbani kama kawaida, mama akaingia, akafagia, akatandika, akatoka, na Komeo alifanikiwa kusema kwamba leo kuna joto. Siku ya sita alifanikiwa kuinua miguu ili pafagiwe. Ulimi uliosoma namba kumi na sita bila kukwama ulikuwa mzito kwa neno moja. Mwishowe aliandika barua kwa meneja, yenye tarehe, kumbukumbu namba na kichwa kilichopigiwa mstari: "Yah: Mfanya Usafi wa Ghorofa ya Tatu". Ndani yake alithibitisha kwamba mhusika ni mwaminifu na kwamba tukio lililoripotiwa halikumhusu. Aya tatu. Neno samahani halimo. Najua kwa sababu alibaki na nakala, akaniletea maabara niisome, akitaka nimsifu kwa uandishi. Nikamwambia Kiswahili chake ni kizuri.

Aliporudi alitakiwa atoe mrejesho wa semina kwa wafanyakazi wote. Ya stoo aliyamaliza kwa dakika kumi. Saa nzima iliyobaki ilikuwa juu ya usalama wa kadi safarini. Alisimama mbele yetu kwa ile suti akatufundisha yale yote ya msichana wa benki, moja baada ya jingine, kama aliyoyagundua yeye. Akaeleza jinsi genge la kimataifa lenye mitambo lilivyomlenga yeye binafsi kwa sababu ya wadhifa wake, na jinsi alivyolizima kwa kufunga kadi ndani ya saa moja. Aliyefunga ni nani hakutaja. Shoga yangu hakuwapo. Mimi nilikuwapo, nikatazama kucha zangu.

Wakati wa maswali mfanya usafi mmoja wa wodi ya upasuaji alinyoosha mkono. Ni mwanamke mpole, mfuko wake umepekuliwa miaka sita.

"Mzee, hao wenye mitambo namba walizipataje?"

Komeo akasema hilo ni jambo la kitaalamu. Mwanamke akasema anaelewa, ila anauliza tu, walimsomea wao au aliwasomea yeye. Mganga mkuu akaanza kukohoa. Komeo akasema muda umekwisha.

Sisemi haya kwa kumcheka tu. Nilipotoka ukumbini nilifungua pochi yangu, nikatoa kikaratasi nilichokuwa nimekizungushia kadi yangu ya benki kwa miaka minne, chenye namba ya siri kwa wino mwekundu, nikakichanachana kwenye sinki la maabara. Hakuna aliyeniona, na kama si kuandika hapa hakuna ambaye angejua. Mficha uchi hazai, wanasema, na mimi nilikuwa tasa kwa jambo hilo bila kufahamu.

Mwaka huu shoga yangu amesafiri yeye. Amepata watu wa kumuuzia vitambaa vya mapazia kwa bei nzuri, huko nje, akaenda wiki mbili kuvichagua. Wiki moja kabla ya kuondoka alikwenda benki akawapa tarehe za safari yake, akamsikiliza msichana wa dirisha la kadi mpaka mwisho, akamuuliza na maswali. Alimwomba aweke kiwango kidogo cha matumizi ya siku, kinachomtosha na kisichomtosha mwizi. Yeye na mkopo bado hawapatani, kwa hiyo alibeba kadi mbili za kawaida, moja begini na nyingine kwenye kiatu cha akiba, na simu ya benki aliiandika kwenye daftari lake la vipimo, katikati ya madirisha ya watu.

Nilikwenda kumsindikiza. Komeo alibeba mabegi mpaka kwenye teksi, akayapanga, akayafunga, akazunguka gari mara mbili. Kisha akainama dirishani akaanza nasaha. Asiongee na watu. Awe macho na wafagiaji. Na kadi, je, kadi ameiweka wapi?

Mkewe alikuwa anafunga mkanda. Akamwambia kwamba hilo ni la kwake na benki, akamkumbusha kuwa mtoto wa mwisho ana kikohozi na dawa iko juu ya friji, kijiko kimoja kutwa mara tatu. Dereva akawasha gari.